Kioo au Plastiki kwa Wapangaji wa Yusta

Mke mwenzangu Yusta,

Salamu sikupi. Tumeamkiana asubuhi na kesho tutaamkiana tena kabla hujapanda basi, sasa za katikati za nini? Naandika jua likiwa bado lipo, kwa sababu nyie mmekwenda kuaga kwa Mama Shija, na Mama Shija namjua, hamwachii mtu mpaka ale. Nimekaa kwenye kigoda hapa mlangoni, karatasi nimeiweka juu ya sinia. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka. Usicheke. Darasa la nne la wakati wetu lilikuwa na viboko vingi kuliko vitabu, na hata hivyo kitabu cha misa nasoma mwenyewe bila kuazima miwani ya mtu.

Sitakuandikia habari za uji wa mtoto, wala chandarua, wala jinsi ya kukaa na mume. Hayo unayajua, na usiyoyajua utauliza majirani wa Tabora, nao wana midomo. Nakuandikia habari ya tangi.

Jumapili uliniuliza mbele ya mume wako, "Bibi, tuwawekee kioo au akriliki?" Nikakujibu, "Wakaange." Deo akacheka mpaka akapaliwa na wali. Wewe hukucheka. Uliinama ukaanza kuokota punje za wali alizomwaga mtoto, na mimi nikaona shingo yako ilivyokaa. Shingo ya mama yako hiyo, akikasirika haongei, anaokota vitu chini. Basi nakujibu leo, kwa maandishi, usije ukasema bibi aliropoka.

Jambo lenyewe niliweke wazi mapema nisije nikapotelea njiani. Kesho wapangaji wako wa kwenye tangi wanaondoka na nyie. Deo anataka tangi hili la plastiki libaki hapa kwa sababu limechakaa. Anasema samaki wasafiri kwenye ndoo, mkifika Tabora mtachonga la kioo, kubwa, la kupamba sebule. Wewe kioo unakiogopa kwa sababu ya mtoto na mwiko wake anaopigia kila kitu. Na plastiki unaionea aibu kwa sababu imefifia, samaki wanaonekana kama wako jikoni kwenye moshi wa kuni mbichi. Kila mmoja ana sababu. Lakini mkichagua vibaya, ama mtoto ataumia ama wapangaji watakufa, na hao wakifa hakuna wengine. Hakuna duka la kwenda kununua uzao wa wale ambao mama yako aliwaokota kwa mkono wake.

Mimi ni mtoto wa ziwa. Nimezaliwa Ikola, nimeolewa huku Mpanda, na migebuka niliyouza soko la hapa ukiipanga mmoja mmoja ingefika Inyonga. Kwangu samaki ni wa kuliwa, na anayekaa kwenye maji anakutazama tu huku unampa chakula, huyo anakudharau. Ndiyo maana siku ile mama yako aliporudi na wewe kutoka kwa dada yangu Ikola, mmebeba dumu la njano limekatwa kichwa, nilifungua mdomo.

"Mmeleta nini?"

"Samaki, mama."

Nikachungulia. Mchanga, maji, na konokono zilizokufa, magamba tu, zimelala chini. "Samaki wako wapi?"

"Subiri," mama yako akasema. "Usisogee."

Nikasubiri, mimi, mtu mzima, nimeinamia dumu. Ndipo kwenye mdomo wa konokono mmoja kikatoka kichwa. Samaki mzima, urefu wa kidole cha mtoto, macho makubwa kama ya mtu anayedaiwa. Akanitazama, akarudi ndani kinyumenyume. Wavuvi walivuta wavu ufukweni, konokono zikaja na wavu, watoto wakawa wanazitupa, na mama yako peke yake ndiye aliyeona kwamba zile nyumba zina watu. Wewe ulikuwa darasa la tano. Ulikuwa unarukaruka pale kama umeokota dhahabu.

"Wanaitwaje?" nikauliza.

"Wavuvi wamesema hawana jina."

Na ni kweli hawana. Sisi watu wa ziwa tunampa jina samaki anayeliwa. Nikasema, "Wanakaa nyumba ya mtu mwingine, hawakuijenga, hawalipi. Hao ni wapangaji." Jina likabaki, na wewe ukaacha kunisalimia siku nzima kwa sababu niliwaambia wahame.

Mama yako akaenda kwa fundi Nestori, yule wa vioo na madirisha ya aluminiamu, akachongewa tangi kwa mabaki ya kioo cha duka. Lilipokuja ndani niliguna, lakini leo nakubali: kioo ni kizuri. Ukiweka maji hayaonekani, wanaonekana samaki tu, kama wananing'inia hewani. Ukoga wa kijani ukishika unaukwangua hata kwa wembe na kioo kinabaki vilevile. Jua halikifanyi kitu, miaka haikifanyi kitu. Kikivuja, fundi yeyote wa vioo anakifunga tena kwa gundi ya silikoni. Hayo yote Deo anayoyasema ni kweli, na usimbishie kwa sababu tu ni mume wako.

Nestori alimwambia mama yako mambo ambayo mimi niliyasikia nikiwa nachambua mchele, na niliyapuuza yote. Alimwambia asitie maji mpaka silikoni iache kunuka siki. Alimwambia meza ikae sawasawa, na chini ya tangi akunje blanketi la zamani, ili kioo kisilale juu ya punje ya mchanga wala kichwa cha msumari. Mama yako akafanya yote. Akaliweka juu ya meza yake ya kukatia nguo, pembeni ya cherehani, akawa anashona huku anawatazama. Wateja walikuwa wanakuja kupimwa gauni wanaishia kuchuchumaa mbele ya wapangaji.

Halafu mama yako akaugua, akafa. Sizidishi maneno hapo. Ulikuwepo.

Mwaka ule mpunga wetu wa Kasansa ulikuja mwingi, na mimi nilikuwa sitaki kuiona ile meza ilipokuwa. Nikasema nahamisha meza nipate pa kuweka magunia. Nikaivuta mpaka kona ile ambayo sakafu imebonyea, tangi likiwa juu yake na maji yake. Mguu mmoja ukawa unacheza. Nikafanya kama tunavyofanya wote hapa, nikachukua gunzi la mahindi nikalipachika chini ya mguu. Kabati langu limesimama juu ya gunzi tangu kabla hujazaliwa na halijaanguka. Nestori alikuja kupima dirisha la Mama Shija, akapitia kunisalimia, akaliona.

"Bibi, hapo umekosea. Kabati litainama, litakaa. Kioo hakipindi. Meza ikijinyonga kidogo tu, kinakatika."

"Wewe nimekuona ukitambaa," nikamwambia, "leo unifundishe kuweka meza?"

"Sawa bibi. Mimi nimesema."

"Umesema, nenda."

Tangi lilipasuka mchana, wewe ukiwa shule. Sikusikia mlio mkubwa. Nilisikia kama mtu amevunja kijiti, halafu maji. Yalishuka yote mara moja, yakapita chini ya magunia mpaka mlangoni, na mimi nikakimbilia samaki badala ya kukimbilia mpunga. Mpaka leo sijui kwa nini. Nikaingiza mkono kwenye vile vipande kama naokota maharage, na lile kovu unaloliona hapa chini ya kidole gumba ndipo lilipotoka. Waliokuwa wanaogelea nje walikuwa wameshakufa mchangani. Waliopona ni wale waliowahi kuingia kwenye konokono zao na kubaki na tone la maji humo ndani. Nikazitia konokono zote kwenye karai, na damu yangu pia, nikamwaga maji juu yake.

Uliporudi ulisimama mlangoni na begi mgongoni. Ukaniuliza, "Bibi, wako wapi?" Nikakuonyesha karai. Ukachuchumaa pale bila kuvua viatu, na walipoanza kutoa vichwa, mmoja, halafu mwingine, ndipo ulipolia. Watu walidhani unalilia tangi. Mimi nilijua ndiyo siku uliyomlilia mama yako, maana msibani ulikuwa unapeleka maji ya kunawa kwa wageni tu, hukuacha hata tone la chozi lidondoke.

Kwa hiyo nakwambia kama mtu aliyekatwa nacho: kioo kinaficha. Kikichoka hakikuonyeshi. Kinakaa kizima, kisafi, unakisifu mbele ya wageni, kumbe chini kwenye kona kimeshaanza. Plastiki haiko hivyo. Ikilemewa na maji inavimba tumbo kwanza, unaiona, unapunguza. Na usianze kuniambia bibi anasema mafumbo. Nasema tangi.

Mjomba wako wa Dar es Salaam alipopata habari akatuma hili lililopo. Ofisi aliyokuwa anafanya kazi ilihama ikataka kulitupa. Akalifunga na godoro kuukuu, akalipakia juu ya basi, na huo mwendo wote, na mashimo ya barabara ya wakati ule, lilifika bila ufa. Nilikwenda stendi na mkokoteni, nikamrudisha mwenye mkokoteni. Nililitwika kichwani, Yusta. Tangi refu kama jeneza la mtoto mchanga, jepesi kuliko ndoo ya maji, nikapita nalo mtaa wote wa Nsemulwa, watoto wananifuata nyuma, wanauliza, "Bibi, hiyo ni nyumba ya nani?"

Mjomba wako akapiga simu. "Mama, hicho si kioo. Ni akriliki."

"Akri nini?"

"Plastiki ngumu inayoonyesha hadi ndani. Ukisafisha tumia kitambaa laini, mama. Laini kabisa."

Nilisikia vizuri. Tatizo nilisikia neno plastiki, na plastiki naijua. Nina mabeseni ya plastiki, nina madumu, nayasugua kwa mchanga na yanaendelea kuishi. Nikaona huyu amekaa mjini mpaka amekuwa laini yeye mwenyewe.

Sasa hapa wewe unajua, na mimi najua unajua, na hatujawahi kuongea. Ilikuwa wiki ya kipaimara chako. Wageni wanatoka Kasansa, wanatoka Ikola, na dada yangu yule anayepitisha kidole juu ya kabati la mtu kutafuta vumbi. Ulikuwa mafundishoni kanisani. Mimi sufuria zangu zote nilikuwa nimeshasugua, ziko juu ya kichanja zinapiga watu macho. Unajua hapa kwetu mwanamke anapimwa kwa matako ya sufuria zake. Kuna nyumba huwezi kuposa binti kwa sababu ya masizi. Nikaingia ndani, nikaliona tangi lako limeota ukoga wa kijani, nikasema hili ndilo litakaloniaibisha.

Wapangaji niliwatoa vizuri, konokono zao na maji yao, kwenye karai. Hapo nilikuwa nimejifunza. Tangi nikalitoa nje. Nikachukua majivu, nikachukua mchanga kidogo, nikachukua stilwaya, nikaanza. Nilianza upande wa mbele, ule unaotazama wageni, ndani na nje, kwa nguvu zangu zote. Nikaenda upande wa kulia, nikaenda wa kushoto. Povu la majivu limefunika kila kitu, sioni ninachofanya, na nilikuwa naimba. Kisha maharage yakaanza kunukia kuungua, nikakimbia jikoni, nikaishia hapo. Niliporudi nikalimwagia maji nikalianika juani. Lilipokauka lilikuwa jeupe. Jeupe kama jicho la ng'ombe mzee.

Nikatia maji nikidhani weupe utapungua. Ile michubuko ya ndani maji yaliificha kidogo, ya nje ikabaki yote. Nikawarudisha wapangaji. Ukaja, umevaa ile sketi ya bluu. Ukasimama. Mimi nikawahi, nikasema, "Nimekusafishia tangi lako, lilikuwa linanuka." Ukasema, "Asante, bibi." Ukaenda kubadili nguo.

Ungepiga kelele ningekujibu, ningekuwa na la kusema. Hiyo asante nimekaa nayo.

Baadaye nikakukuta na dawa ya meno yangu na kipande cha fulana, unasugua kona moja taratibu, duara duara. Mjomba wako alikuwa amekwambia kwenye simu kwamba plastiki ina hilo jema, mchubuko wake unaweza kusuguliwa ukapungua, wakati mkwaruzo wa kioo ni wa maisha. Ulikuwa umeshapata kidirisha kama kiganja, unaweka jicho pale, unawatazama. Nikakugombeza nikasema unamaliza dawa ya meno. Ukaacha. Na hujagusa tena mpaka leo. Miaka yote hiyo mtu akitaka kuona wapangaji wako anainama kwenye kile kidirisha kama anachungulia choo cha watu. Hata Deo alipokuja kujitambulisha aliinama pale. Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu kijana ana subira, anaweza kuoa.

Kukuomba radhi sikukuomba. Sijui namna, na sasa nimezeeka, nikianza leo utadhani nakufa kesho. Ile dawa ya meno sikupaswa kukunyima. Imetosha hiyo.

Sasa jibu lako. Chukua tangi la plastiki.

Juzi mume wangu, huyo Sebastiani wako uliyempa jina la babu yako ili anisumbue mara mbili, aliamka na mwiko. Akapiga mlango, akapiga ndoo, akapiga mguu wangu, akaenda akalipiga tangi kwa nguvu ya baba yake. Likalia du, kama ngoma iliyolowa. Wapangaji wote wakaingia ndani mara moja, mchanga ukabaki mtupu, na yeye akacheka mpaka akakaa chini. Akasubiri watoke, akapiga tena. Lingekuwa kioo, hiyo juzi tungekuwa hospitali tunashonwa. Mtoto huyo huwezi kumfundisha adabu ya kioo kabla ya safari ya kesho. Ana akili ya kupiga, akili ya kuacha bado haijafika.

Tena nyie mnakwenda kupanga. Chumba na sebule ya mtu, sakafu ya mtu, na wenye nyumba wa siku hizi wanaamka asubuhi wanasema hama. Utahama na kioo mara ngapi? Hilo la plastiki utalitwika kichwani kama nilivyolitwika mimi. Na kwenye basi kesho lijaze nguo za mtoto, liwe sanduku. Kioo ungekibeba mapajani mpaka Tabora, kitupu, ukikiombea kila tuta.

Ila ulitunze, maana lina udhaifu wake na mimi ndiye niliyeupata wote. Liweke juu ya ubao mzima, chini pote pashikwe, sio kingo peke yake. Lisikae karibu na jiko wala dirishani kwenye jua kali. Lisiguswe na spiriti wala dawa ya kufutia vioo. Kitambaa kiwe cha pamba kilichozeeka, na kabla hujafuta kioshe, ukitie kwenye mwanga utazame kama kuna chembe ya mchanga. Chembe moja inatosha. Likipasuka usiharakishe kulipaka silikoni, kwenye plastiki haishiki kama inavyoshika kwenye kioo. Mafundi wake ni wachache, kwa hiyo lisipasuke.

Na Deo usimnyime kioo chake. Mwambie zamu yake itafika. Mume wangu akishajua kukaa na kitu kizuri bila kukipiga, na nyie mkishakuwa na sakafu yenu wenyewe, iliyonyooka, mchonge la kioo, na liwe nene. Akatafute fundi wa madirisha, silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuua ukungu, inaua na samaki. Wasubiri harufu ya siki iishe. Blanketi chini. Na gunzi nikisikia mmeweka, napanda basi nakuja na fimbo.

Bado neno moja, na ndilo lililonikalisha kwenye hiki kigoda.

Mchana mlipotoka, wapangaji mkiwa mmeshawaweka kwenye ndoo, nilibaki na tangi tupu. Nikasema nilifute, lisisafiri na uchafu wangu. Usiogope, nilifuta na kipande cha kanga ya mama yako, ile iliyolainika mpaka haina maua, na nilikiosha kwanza, nikakitazama kwenye mwanga. Upande wa nyuma kulikuwa na ile karatasi ya bluu uliyobandika ulipokuwa mtoto, ulisema wapangaji waone kama wako ziwani. Imepauka, mende wamekula pembe zake. Nikaibandua.

Yusta, upande ule ni mzima.

Ndiyo ule ambao maharage yaliungua kabla sijaufikia. Ndani sikuugusa, nje ulikuwa na karatasi. Miaka yote umekaa unatazama ukuta. Niliweka mkono wangu nyuma yake nikaona kovu lote, na kucha, na tope la kwenye kucha. Nikakaa chini pale pale sakafuni. Jirani mmoja alipita akauliza kama naumwa. Nikamwambia apite.

Hatukuligeuza. Nyumba nzima ya watu wenye macho, tunainama kwenye kidirisha cha dawa ya meno, na hakuna hata mmoja aliyeligeuza. Mimi kwa sababu sikutaka kuligusa tena. Wewe kwa sababu sijui, na sikuulizi.

Barua hii nitaikunja niifunge kwenye kanga hiyo hiyo, utaikuta ndani ya tangi kesho asubuhi, kabla hujaweka nguo za mtoto. Konokono zile za akiba, zilizotoka Ikola na mama yako, nimezitia kwenye soksi ya mtoto, zisigongane na kukwaruza. Unaona, nimejifunza, ila nimechelewa.

Mkifika, kabla hujapika, waweke wapangaji kwao. Mume wangu mkalishe chini, mnyang'anye mwiko. Halafu ligeuze tangi. Ule upande mzima uje mbele kwenu, na huu wangu uangalie ukutani. Deo akisema limechakaa, mwambie asimame pale mbele anaposimama mtoto, atazame.

Na mgeni mdadisi akichungulia kule nyuma akauliza nani aliliharibu hivi, usinifiche. Mwambie ni bibi yangu wa Mpanda, ambaye sufuria zake zilikuwa zinaonekana zikiwaka tangu barabarani.

Nawasikia mnarudi, mtoto analia. Wamemnyima nini huko?

Ni mimi, mke mkubwa.